Kapteni wa Kasungami

Mimi ni Abigaïl. Kwa misimu mitatu nilicheza beki wa kushoto katika timu ya wanawake ya Kasungami, mtaa wa pembezoni mwa Lubumbashi, na mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona kwa macho yangu. Machache nilielezwa baadaye na kocha wetu, Yaya Chisanga mwenyewe; kwetu yaya ni dada mkubwa. Sitaki kujitoa katika habari hii. Nilikuwemo, na niliponyamaza nilijua ninachonyamazia.

Yaya Chisanga ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani kwa dada yake, pembeni ya barabara ya vumbi inayotoka kwetu kwenda mjini. Zamani alicheza mpira mpaka goti likamkatalia. Timu yetu hakuianzisha kwa ajili ya makombe. Aliianzisha kwa sababu ya maji.

Mtaa mzima tulikuwa na pampu moja, na pale pampuni ilikuwa imeota desturi mbaya. Sisi ambao babu zetu walishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya migodi na ya reli tuliteka kwanza. Waliofika karibuni kutoka jimbo la Kasai walingoja tumalize, na hata wale waliozaliwa papa hapa Lubumbashi, ilimradi wana majina ya Kasai, walingoja nao. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini kila mtu aliijua. Siku moja mama mmoja mjamzito alichoka kusimama juani, akasogeza mbele bidoni, dumu lake la maji. Akasukumwa. Aliangukia zege, na siku ileile mimba ikatoka.

Jumamosi iliyofuata Yaya Chisanga alifika pampuni na mpira kwapani.

"Kusimama hapa saa mbili nzima, mikono mitupu, kunatusaidia nini?" aliuliza. "Muache bidoni mu mustari vile mulifika. Hakuna muntu atazigusa. Kuyeni tucheze."

Wanawake walicheka. Wasichana wanne walikwenda, kisha saba. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa ishirini, na bidoni zetu zilipanga foleni zenyewe, ya manjano nyuma ya ya bluu, kwa jinsi kila mmoja alivyofika. Huwezi kumkaba mtu, kumpa pasi, kuanguka naye kwenye vumbi jekundu, halafu ukarudi ukapiga teke bidoni yake. Mama zetu waliokuja kututazama walianza nao kufuata foleni hiyohiyo. Ilichukua karibu mwaka, lakini desturi ile ikafa bila mkutano wala hotuba.

Yaya alikuwa na sheria moja uwanjani. "Hapa hatuulizake muntu kwao ni wapi," alisema. "Tunauliza paka hii tu: unacheza namba ngapi?"

Mujinga, jina la Kasai lisilohusiana kabisa na ujinga, alicheza namba moja. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipokuja, mrefu, mikono mirefu, mtu wa maneno machache isipokuwa akiwa golini. Golini hakunyamaza hata dakika moja. "Abi, kushoto! Abi, iko muntu nyuma yako!" Nilizoea sauti yake hata nikawa naisikia nikiosha vyombo nyumbani.

Baba yake, Papa Ephraïm, alikuwa na duka dogo la dawa mtaani kwetu. Hakutaka binti yake acheze. Yaya Chisanga alikwenda kumwona na akanichukua niende naye, kwa kuwa Papa Ephraïm aliwahi kunitibu malaria na alinipenda. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Mama, miye nilizaliwa Likasi, papa hapa Katanga. Mu mwaka wa tisini na mbili nilikuwa na miaka kumi na mbili. Bantu balikuja banaimba, banatuambia turudie kwetu. Kwetu wapi? Tulilala mu gare juma sita tukingoja treni. Dada yangu mudogo alikufia pale, juu ya kuhara. Kiisha miaka mingi nilirudia, kwa sababu njo hapa ninapajua. Sasa unataka mutoto yangu asimame mbele ya bantu mia tano, peke yake mu goli?"

"Hatasimama peke yake, Papa," Yaya alimjibu. "Batakuwa kumi na mmoja. Na miye niko pembeni. Muntu akimugusa, amenigusa miye."

"Unaapa?"

"Ninaapa."

Papa Ephraïm akaita ndani, "Mujinga, kuya," na Mujinga akatokea haraka mno, maana alikuwa amesimama nyuma ya pazia muda wote huo.

Msimu wa tatu tulimchagua kuwa kapteni. Tulipiga kura kwa vipande vya karatasi, na karatasi kumi na tisa kati ya ishirini zilikuwa na jina lake. Ya ishirini ilikuwa yake mwenyewe. Aliandika jina langu.

Mwaka huo mwenye malori mmoja, Papa Ruben, aliandaa kombe la timu za wanawake. Alikuwa akijiandaa kwa uchaguzi, kila mtu alilijua hilo, lakini kombe ni kombe. Tulishinda mechi ya kwanza, tukashinda ya pili. Kwenye nusu fainali tulikwenda hadi penalti, na Mujinga alizuia tatu. Tulimbeba mabegani kutoka uwanjani hadi barabarani. Fainali ilipangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba, huko Bel-Air, na televisheni ingekuja.

Wiki hizohizo ndipo zilipoanza zile sauti za WhatsApp. Mtu asiyejulikana, sauti nzito, alikuwa akisema kwamba Wakasai wanakuja kwa treni kwa maelfu, kwamba watachukua kazi, viwanja na wanawake, kwamba watoto wa Katanga waamke. Kaka yangu Kasonde aliipiga sauti hiyo tukiwa mezani tunakula bukari, ugali wetu. Mama alimwambia azime simu. Hakumwambia kwamba ni uongo. Mimi pia sikumwambia. Jumatano ya wiki ya fainali, jiwe lilivunja kioo cha duka la Papa Ephraïm.

Ijumaa nilikuwa kwa Yaya Chisanga nikijaribu jezi mpya aliyonishonea. Gari likasimama, Papa Ruben akashuka. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye adabu. Alikaa kwenye kibao kama mteja yeyote.

"Mama Chisanga, timu yako ni muzuri. Kila muntu anaipenda."

"Aksanti, Papa."

"Shida iko kidogo tu. Kapteni njo anapokea kombe. Kapteni njo anasema mu televizio. Na kapteni yako jina yake ni Mujinga."

"Ndiyo. Njo jina yake."

"Unaona vile hali iko. Bantu bako na moto. Bakimuona anainua kombe ya Katanga, miye sitaweza kubazuia."

"Hao bantu unabajua?"

Papa Ruben alitabasamu. "Najua paka hivi tu: niko na polisi batatu, na bantu batakuwa elfu mbili. Sisemi umufukuze, mama. Apumuzike siku moya. Siku moya tu. Ni kwa kumulinda."

Alipoondoka, Yaya alirudi kwenye cherehani. Alishona mshono mmoja, ukaenda upande. Akaufumua, akashona tena, ukaenda upande tena.

"Abigaïl," aliniambia bila kuinua kichwa, "ingekuwa weye, ungefanya namna gani?"

Ningeweza kusema: muulize Mujinga mwenyewe. Ningeweza kusema: tusicheze. Maneno hayo yote yapo kichwani mwangu sasa, yamepangika vizuri. Siku ile nilifikiria kombe, nikamfikiria Kasonde na rafiki zake ambao bila shaka wangekuwepo uwanjani, nikajibu, "Sijue, Yaya."

Jumapili tulivalia katika darasa moja la shule iliyo jirani na uwanja wa Bel-Air. Kelele za watu zilikuwa zinatufikia kupitia dirisha. Tulijawa na furaha ile ya hofu, tunachekeana bila sababu. Mujinga alikuwa amekwisha vaa glavu. Alituambia kwamba baba yake amefunga duka na kuja kumtazama, kwa mara ya kwanza kabisa.

"Amevaa koti yake ya harusi," alisema akicheka. "Na vumbi hii yote."

Yaya Chisanga aliingia na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Alisoma haraka, macho yake hayakutoka kwenye karatasi.

"Goli, Plamedie. Kuume, Bijou. Kushoto, Abigaïl..."

Alisoma mpaka mwisho. Kicheko kilikuwa kimekatika.

"Yaya," alisema Mujinga, "umesahau jina yangu."

"Sijasahau. Leo utapumuzika."

"Siko mugonjwa."

"Ninajua."

"Basi ni juu ya nini?"

Yaya alikunja ile karatasi, akaikunja tena. "Ni kwa kukulinda, mutoto yangu. Kuko bantu bamesema..."

Mujinga hakupiga kelele. Alitugeukia sisi, mmoja baada ya mwingine. "Na ninyi? Mulijua?"

Wengine walikuwa wanashangaa kwa kweli, na uso wa mtu anayeshangaa unaonekana. Aliponifikia mimi, macho yake yalituama usoni mwangu. Nilitazama kamba za viatu vyangu. Akaelewa.

Alivua glavu, akampa Plamedie, ambaye alikuwa analia. "Zitakuwa kubwa kwako kidogo," alimwambia. "Funga sana hapa ku mukono." Kisha akavua kitambaa cha kapteni, akakiweka juu ya dawati, akatoka. Bijou, ambaye baba yake pia ni mtu wa Kasai, alivua jezi palepale mbele yetu, akaitupa sakafuni, akavaa blauzi yake na kumfuata.

Tulibaki tumesimama. Nakumbuka nje mtu alikuwa anapuliza vuvuzela. Yaya Chisanga alichukua kile kitambaa, akatutazama, akaja kunifunga mimi mkononi. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nikamwacha anifunge.

Tulishinda moja kwa bila. Nono alifunga dakika ya sabini, kwa kichwa. Sikumbuki mchezo. Nakumbuka kwamba nyuma yangu kulikuwa kimya. Plamedie hakuwa mtu wa kupiga kelele golini, na kila mara nilijikuta nageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu. Nakumbuka pia mwanamume aliyevaa koti jeusi, amekaa katikati ya watu wanaoruka, anatazama goli letu, halafu anatazama mlango wa lile darasa, halafu goli tena. Kipindi cha pili hakuwepo.

Papa Ruben alinikabidhi kombe. Mtangazaji akanisogezea maikrofoni na kuniita kapteni wa Kasungami. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Papa Ruben, nikawashukuru wazazi. Kasonde na rafiki zake waliimba jina langu. Video ya maneno yale iko kwenye simu za watu mpaka leo. Sijawahi kuitazama hadi mwisho.

Wiki tatu baadaye tulisikia kwamba Papa Ephraïm ameuza rafu za duka na anaondoka na familia kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa shemeji yake. Yaya Chisanga alichemsha mayai, akanunua mikate, akaja kunichukua twende gare.

Watu walikuwa wengi, wamekaa juu ya mizigo yao. Tuliwakuta karibu na ukuta: mama yake Mujinga, wadogo zake wawili, magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Papa Ephraïm alisimama alipotuona. Alipokea mikate kwa mikono miwili, akasema asante, akampa mkewe.

Yaya Chisanga alijaribu kusema, lakini machozi yalimzidi. Alikuwa anarudia tu, "Niliogopa, Papa. Niliogopa bamuue."

"Ninajua, mama," alisema Papa Ephraïm. Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Kwa kuogopa, sikukasirikie. Woga naujua tangu niko mutoto. Lakini miye nilikuwa nimekataa. Njo weye ulikuja ku nyumba yangu, ukaapa."

Yaya akapiga magoti pale kwenye saruji, mbele ya watu wote. Mujinga alimwinua. Alimshika mabega kama mtu anayemshika mgonjwa, akamketisha juu ya godoro.

"Yaya, ungeniuliza," alimwambia. "Ungekuya ku nyumba unielezee. Miye mwenyewe ningesema, nabaki inje. Ningekaa pale pembeni yako, na ingekuwa tuko pamoja. Lakini ulisoma majina. Nilikuwa nangoja jina yangu, na papa alikuwa amevaa koti yake."

Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya Yaya na mfuko mtupu wa mikate mkononi. Mujinga alinigeukia.

"Nani alifunga?" aliniuliza.

"Nono. Ya kichwa."

"Kona?"

"Kona, ndiyo."

"Ni muzuri. Nono anajua kuruka." Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyofanya tulipozungumza baada ya mazoezi, miguu yetu ndani ya beseni moja la maji. Sikuweza kusema samahani. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na nilijiona sina haki ya kulia mbele yake.

Treni iliondoka saa tisa alasiri. Babu yangu alifanya kazi kwenye reli ile, na babu yake Mujinga pia. Tuliwahi kulizungumza hilo siku moja tukacheka, tukasema pengine waligombania nyundo. Wadogo zake walitupungia mkono dirishani. Yeye alikuwa amekaa upande wa pili.

Timu haikuvunjwa na mtu. Bijou hakurudi, na wasichana wengine watatu wa Kasai hawakurudi. Plamedie alikuja mara mbili, kisha akasema mama yake anamhitaji sokoni. Tukawa kumi na mbili, tukawa tisa, tukawa sita tunaopigiana pasi bila kusema. Siku moja ya mwezi wa kumi nilikwenda pampuni nikakuta bidoni zimepangwa mistari miwili. Nilimwita Yaya Chisanga. Alikuja akichechemea na goti lake, akasimama katikati, akaanza kuzihamisha ili ziwe mstari mmoja. Mama mmoja kati ya wale waliokuwa wanakuja kutushangilia alimshika mkono, akamwambia kwa upole, "Chisanga, acha. Weye mwenyewe si ulichagua?"

Yaya aliiweka chini bidoni aliyokuwa ameishika. Akaondoka. Hakwenda tena pampuni. Dada yake ndiye anayemletea maji.

Kombe tulilirudisha. Yaya na mimi tulilipeleka kwa Papa Ruben, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameshinda uchaguzi wake. Hakuwepo. Mlinzi alilipokea getini, akaliweka juu ya kiti cha plastiki, akatuuliza amwambie limetoka kwa nani. Yaya alisema, "Atajua." Sidhani kama alijua.

Ilinichukua miezi mingi kupata namba ya Mujinga. Bijou alinipa mwezi wa tatu, mvua ilipokuwa inapiga mabati kila siku. Nilikwenda na simu barazani kwa Yaya Chisanga, nikaipiga pale, nikaiweka sauti ya nje ili tusikie wote wawili.

Tulisalimiana. Mujinga aliuliza habari za mama yangu, za goti la Yaya, akauliza kama barabara yetu bado inajaa maji. Alisema baba yake hana duka, anamsaidia mtu kuuza dawa sokoni. Alisema watoto wa pale wanacheka Chiluba chake, na kwamba mtaani wanamwita "ule wa Katanga."

Yaya Chisanga aliinamia simu. "Mutoto yangu, unacheza?"

"Hapana, Yaya."

"Kule hakuna timu ya banamuke?"

"Iko. Ni timu muzuri. Balikuya kuniita, balisikia niko kipa." Tulisikia pikipiki ikipita kule aliko. "Nilienda mara moya. Lakini kocha alipotoa karatasi aanze kusoma majina, nilibeba mufuko yangu. Nikatoka kabla hajafika ku jina yangu. Sijue kama nilikuwemo."

Yaya alifumba macho. Mujinga upande wa pili alingoja, kisha akasema chaji inaisha, tuwasalimie wote, na simu ikakatika.

Nilitaka kupiga tena. Yaya alinizuia kwa mkono. Alikaa hivyo, mkono wake juu ya wangu, mvua ikiwa inamiminika mbele ya baraza. Baadaye alivuta kitambaa cha sare za shule kutoka kwenye kikapu, akaniomba nimshikie upande mmoja akate, maana mteja angekuja saa kumi. Nikashika.